Mpishi Aliyezaliwa Amechoka

Habari za kuzaliwa kwake sina. Nilimuuliza mara moja, mwaka wangu wa kwanza Kisauni, nikidhani ndiyo adabu ya kumjua mtu mzima. Akasema, "Nilizaliwa nimechoka. Mengine sikumbuki." Hiyo ndiyo nasaba aliyonipa, nami sina nyingine ya kuwapa.

Mtaa mzima tulimwita Mpishi. Alipika pilau na biriani za arusi, na hakuna arusi ya maana upande wetu iliyofanyika bila yeye kukaa uani, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kisicho na meno, akiamrisha. Nasema akiamrisha kwa sababu mwiko wenyewe sikumwona akiushika sana. Alionja, alitikisa kichwa, aliagiza moto upunguzwe. Halafu, kabla bwana arusi hajanawa mikono, Mpishi alijipakulia sahani yake, na ilikuwa sahani ya mtu anayejipenda. Wenye arusi wasiomjua walishangaa. Yeye aliwaambia, "Mpishi mwenye njaa hutia chumvi kwa hasira," na kwa kuwa hakuna aliyetaka kujaribu, wakanyamaza.

Mimi nilihamia nyumba aliyokaa yeye nikitokea Makueni, baada ya kuajiriwa ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Changamwe. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma ua wenye bomba, choo na jiko la pamoja. Chumba changu kilipakana na chake. Ukuta uliotutenga haukufika kwenye mabati. Mjenzi aliishiwa matofali, au aliishiwa hamu. Kwa hiyo kwa miaka saba nilimsikia Mpishi akikohoa, akisali, akimsengenya mwenye nyumba na akikoroma, naye alinisikia mimi. Hili la yeye kunisikia litakuwa na maneno mbele.

Tuanze na usingizi, maana yeye mwenyewe angeanza hapo. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alilala. Hakujiegesha kama wengine, jicho moja wazi na mguu mmoja chini. Alivua leso ya kutokea, akavaa ya kulalia, akajipaka mafuta miguuni, akalala kama mtu aliyepewa kazi hiyo. Wageni walipozidi kumkatiza, alibuni dawa: binti yake, aliyekuwa akikaa naye, alitoka, akaufunga mlango kwa kufuli kubwa kwa nje, akaenda zake sokoni. Mgeni akija anaona kufuli, anasema hayupo, anarudi kwao. Dawa ilifanya kazi vizuri mpaka siku moja mama wa nyumba ya tatu alipokuja, akaona kufuli, na huku mkoromo unatoka ndani. Akaniuliza mimi niliyekuwa ukumbini, "Jamani, yuko au hayuko?" Kabla sijajibu, sauti ya Mpishi ikatoka nyuma ya kufuli, nzito na tulivu: "Sipo. Rudi alasiri."

Na yule mama alirudi alasiri. Akapewa kahawa na tende, na hakuna aliyeitaja kufuli.

Kwa salamu alikuwa hatari zaidi. Mimi nilitoka kila alfajiri kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Nilimkuta ameketi mlangoni na kikombe chake, nikarusha "Shikamoo, mama," huku nimeshampita. Hajibu. Nikajiambia hakusikia. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya nne nikarudi nyuma hatua mbili nikauliza kama nimemkosea.

"Hujanikosea," akasema. "Marahaba yako ninayo hapa tangu juzi. Lakini wewe hukusimama kuipokea, nami siwezi kumrushia mtu marahaba kisogoni."

Nikasimama. Akanipa marahaba, akaniuliza nimeamkaje, nimelalaje, mume wangu aliyebaki kazini Athi River ameamkaje, mamangu Ukambani mgongo wake umepoa, na kama nimekula. Nilichelewa kazini siku hiyo. Hakuna aliyekufa, jambo ambalo lilinishangaza na kuniudhi kidogo.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa subira. Kwenye foleni ya bomba, maji yanapokuja kwa saa mbili tu, Mpishi alipita mbele ya kila mtu na ndoo yake. Alipolaumiwa alikuwa na hoja iliyonyooka: "Foleni ni ya wenye haraka. Mimi sina haraka. Basi niacheni nitangulie, nikakae kitako." Niliifikiria hoja hiyo miaka saba na sijapata mahali pa kuikamata. Mambo ya dini aliyaendesha kwa ufupi. Sala zake tano hazikumpita, lakini dua zake zilikwisha mapema, akisema Mungu si kiziwi. Kanisa letu lilipofanya mkesha kwa vipaza sauti, aliniuliza asubuhi kwa huruma ya kweli, "Kwani Mungu wenu yuwakaa mbali sana?" Na ustadhi aliporefusha mawaidha siku ya khitma, huku wali ukipoa, alituma ujumbe kwa binti yake upelekwe mbele: mwambie ustadhi kwamba marehemu ameshafika.

Binti ndiye aliyejua ubaya wake. Mpishi alipoangusha sahani yake mwenyewe, nilimsikia akijiambia kwa sauti ya upole, "Pole mamangu, mikono imechoka." Binti alipoangusha, ilikuwa, "Wewe una mato ya nini, huoni?" Alijihurumia yeye kwanza, na iliyobaki akatugawia sisi wengine kwa kipimo chake. Lakini iliyobaki ilikuwa nyingi.

Jioni moja nilikuwa nikipiga pasi blauzi ya kazini, mawazo yako ofisini, nikaichoma mgongoni, alama ya pasi nzima. Nikaanza kujisema, kama nilivyozoea tangu shule. Mjinga wewe. Mjinga kabisa. Hata pasi imekushinda. Sikujua kwamba nasema kwa sauti mpaka nilipoitwa kutoka juu ya ukuta.

"Nani atukanwa huko?"

"Hakuna, mama. Ni mimi tu."

"Na nani amtukana?"

"Mimi mwenyewe."

Nikasikia kitanda chake kikilia anapogeuka. "Basi mwambie huyo anotukana atoke nje. Nyumba hii ina watu wazima. Na huyo anotukanwa mpe chai."

Nilikuwa na daftari wakati ule. Ndani nimeandika maisha yangu yote: kuamka saa kumi, maji glasi mbili, sala, kurasa kumi za kitabu cha kozi, mazoezi ya tumbo, kazi, kozi ya jioni, kufua, kusoma tena. Nilimwonyesha nikitaka anisifu. Alilishika mbali na macho, akalisoma kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akauliza kupumzika kumeandikwa wapi. Nikamwonyesha: Jumapili, saa tisa mpaka tisa na nusu.

"Na ukichelewa kuanza?" akauliza.

Akalifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha maiti ya kuku.

Mwaka wa tatu nikashika mimba. Ofisini sikumwambia mtu. Msimamizi wetu wa makarani alikuwa akiondoka, na mkuu alikuwa ameninong'oneza kwamba nafasi inaweza kuwa yangu, nikionyesha bidii. Basi nikaonyesha. Nilivaa nguo pana, nikaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, nikaendelea na kozi ya jioni. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi akasema nimekonda usoni. Mpishi alisema mengine, lakini alisema kwa mafumbo, maana sikuwa nimemwambia naye. Kila nilipopita aliniita, "Ndoo ukae, Mkamba wangu," yaani njoo, nami nikajibu, "Nitakaa Jumapili, mama."

Mimba ilikuwa ya miezi minne damu ilipoanza. Ilikuwa asubuhi, ofisini, na mezani kwangu pana hati za makontena manne zilizotakiwa kufika forodhani kabla ya saa sita. Nilizimaliza. Jambo hilo sikumwambia mtu kwa muda, hata mume wangu: nilizimaliza zote nne, nikazipiga muhuri, nikazipanga kwenye trei, ndipo nikaenda hospitalini. Mtoto hakupona.

Mume wangu alipanda basi usiku huohuo. Alikaa nami siku tatu, akalia kuliko mimi, kisha akarudi kazini kwa sababu hawakumpa zaidi. Siku ya nne nikaamka saa kumi, nikaoga, nikavaa, nikafungua mlango. Viatu vyangu huviacha ukumbini. Nikakiona kimoja. Mpishi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wangu, jambo ambalo saa hizo halikuwa kawaida yake.

"Mama, hukukiona kiatu changu kingine?"

"Nimekiona."

"Kiko wapi?"

"Nimekikalia."

Nilidhani anatania. "Nitachelewa, mama."

"Nenda na kimoja."

Nilikasirika. Naona aibu kusema, lakini nilimshika mkono nikamvuta, mtu mzima wa umri wa mamangu. Alikuwa mzito kama gunia la mchele, na hakusaidia kwa lolote. Hakunikemea. Alikaa tu, akinitazama, na kiatu kiko chini yake. Nilivuta mara ya pili, nikajikuta nimekaa sakafuni ukumbini kwa sketi ya kazi, nalia, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Hakuniambia ninyamaze. Hakusema ni mipango ya Mungu. Alinivuta kichwa akakiweka kwenye paja lake, akaanza kufumua nywele zangu zilizokuwa zimesukwa kwa ajili ya kazi, msuko mmoja mmoja, bila kuharakisha.

Saa mbili na nusu simu yangu ikalia. Ni mkuu. Mpishi akaichukua kabla sijaifikia.

"Aliye hapa ni mamake," akasema.

Nilisikia sauti ya mkuu ikiuliza kitu.

"Yuwalala," akasema Mpishi.

Sauti ikauliza tena.

"Akishamaliza ndipo ataamka." Akabonyeza vitufe vyote vya simu mpaka kimojawapo kikaikata.

Nilikaa ndani wiki mbili. Mpishi alinipikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, akanichemshia maji ya kuoga, akanifukizia udi nguo zangu. Majirani wakija kunipa pole, aliwapima mlangoni. Waliokuja kukaa kimya waliingia, waliokuja na maneno waliambiwa nimelala. Shemasi wa kanisa letu aliambiwa nimelala mara tatu, na mara moja nilikuwa nimesimama nyuma ya Mpishi, ananiona.

Siku moja katika siku hizo nilimwambia habari ya zile hati nne. Nilimwambia nimemuua mwanangu kwa mbio zangu.

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuuacha. "Ungekuwa na nguvu hizo za kuua watu kwa mbio," akasema, "mwenye nyumba wetu angekuwa kaburini zamani. Kila akija wampita mbio hapo ukumbini, na bado yuwanenepa."

Nilicheka. Nilicheka na kamasi puani, kisha nikajichukia kwa kucheka, kisha nikacheka tena. Yeye aliendelea na mchicha. Baadaye akauliza, "Daktari alisemaje?"

"Alisema hutokea. Alisema hata ningekwenda saa ileile ilipoanza, isingezuilika."

"Nawe umesomea wapi, hata umrekebishe daktari?"

Sikupona siku hiyo. Ila tangu hapo nilipoanza kujihukumu nilikuwa na mtu wa kunikatiza kesi.

Nafasi ya usimamizi alipewa mwingine. Nilipomweleza Mpishi, hakuniambia kwamba kinachokuja ni bora zaidi. Alimsema vibaya mkuu wangu kwa siku nzima, kwa utaratibu, akianzia kichwani na kushuka, na alasiri alipofika magotini alisema amechoka, ataendelea kesho. Niliacha kozi ya jioni. Daftari nililitumia kuwashia jiko, si kwa ushujaa, bali kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha na makaa yalikuwa yamelowa. Nikaanza kukaa kwenye kigoda kando yake kila jioni, na mwanzoni mguu wangu ulitikisika peke yake kama wa cherehani. Aliuwekea mkono. Baada ya miezi kadhaa ukaacha.

Sasa nifike pale ambapo wengine wangependa niruke.

Palikuwa na arusi kubwa, binti wa familia moja ya wafanyabiashara wa siku nyingi pale Kisauni, watu ambao Mpishi alikuwa amewapikia tangu arusi ya mama wa bibi arusi mwenyewe. Sufuria tatu za pilau, kila moja unaweza kumwogesha mtoto ndani yake. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimealikwa. Pilau ilishakauka maji, makaa yakawekwa juu ya mifuniko, na binti yake Mpishi, aliyekuwa msaidizi wake, akaomba ruhusa akavae. Mpishi akasema nenda, mimi nipo. Akajilaza kwenye mkeka kando ya meko, kama alivyofanya arusi zote, kwa muda wa kuvuta tasbihi moja. Akalala.

Harufu ndiyo iliyotuita. Nilipofika uani binti alikuwa anapangua makaa kwa koleo, nguo mpya zimejaa majivu, na Mpishi ameketi kwenye mkeka, leso imemwanguka kichwani, anatazama kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Sufuria mbili zilikuwa zimeungua chini, na pilau ikishaingia moshi haina dawa. Wageni walishakaa. Ikapakuliwa hivyohivyo. Watu walikula kwa heshima, wakinywa maji mengi, mpaka shangazi mmoja wa bwana arusi akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo tumelishwa makaa." Wanawake wakacheka chini ya leso. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mpishi hana sahani.

Kesho yake alikwenda kwa miguu kuomba radhi. Mama wa bibi arusi alimpokea vizuri, akamwambia ni ajali, akamnywesha chai. Mtaa haukuwa na adabu kama hiyo. Wakipita nyumbani kwetu wengine walinusa hewa kwa madaha. Na maneno yalikuwa yaleyale: ndiyo matokeo ya kulala lala.

Yeye mwenyewe aliyaamini. Alikataa arusi mbili zilizokuja, kisha hazikuja tena. Aliacha kulala mchana. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta anasugua ua ambao haukuwa mchafu. Aliamka kabla yangu. Alifunga saumu ambazo hakuna aliyemwambia azifunge. Na juu ya ukuta nikaanza kusikia sauti nisiyoijua, ya chini, ikisema: mzembe, kizee mzembe, usingizi umekuaibisha mbele za watu.

Nikafanya kosa ambalo mtu yeyote angelifanya. Nilimwita juu ya ukuta, nikamwambia huyo anayetukana atoke nje.

"Usinifundishe maneno yangu mwenyewe," akasema. "Yale nilikupa wewe. Wewe hukuunguza chakula cha watu."

Sikujaribu tena. Niliendelea kukaa kwenye kigoda jioni, yeye akisugua, mimi nikiinua miguu apitishe ufagio. Ndivyo nilivyoona. Alikuwa anamaliza jagi la maji na kulijaza tena. Alikwenda chooni kila baada ya muda mfupi. Na mguuni, karibu na kifundo, palikuwa na kidonda kidogo alichosema kilitokana na cheche siku ya arusi. Arusi ilikuwa imepita miezi mitatu, na kidonda bado kibichi. Mama yangu mdogo kule Makueni alikuwa na kisukari. Nilizijua dalili hizo kama wimbo.

"Twende ukapimwe, mama."

"Mimi nimepumzika maisha yangu yote. Nitaugua na nini?"

Kumbe alikuwa akiogopa. Binti aliniambia faraghani kwamba alikuwa na miaka mingi hajakanyaga hospitali, na kila akitajiwa alisema amechoka, atakwenda akiamka. Niliona siku hiyo kwamba sehemu ya ule utulivu wake ilikuwa mto wa kujificha uso. Mapenzi yangu kwake hayakupungua kwa hilo. Ila niliacha kumwogopa.

Jumatatu nikapiga simu ofisini nikasema sitafika. Mkuu akauliza sababu. Nikasema mama hajisikii vizuri. Nadhani alimkumbuka mama huyo, akasema sawa. Nikaketi ukumbini nimevaa viatu. Mpishi alitoka, akaniona, akarudi ndani. Saa nne akatoka tena. Saa tano akatoka na buibui lake.

"Umekaa sana," akasema kwa lawama. "Nani alokufundisha?"

Sukari ilikuwa juu mno. Daktari alikuwa kijana mpole, akaeleza vyakula, vidonge, kidonda. Katika kueleza akataja kiu, na kwenda haja mara kwa mara, na uchovu, kwamba mtu huweza kusinzia hata asipotaka. Mpishi, aliyekuwa anatazama sakafu muda wote, akainua kichwa.

"Sema tena hapo."

Daktari akarudia.

"Kwa hivyo sikuwa mzembe?"

"Mzembe wa nini, mama?" Daktari alinitazama mimi.

Tulipotoka alikaa kwenye benchi la nje, akafunika uso kwa ncha ya buibui. Nikamwachia muda. Alipojifunua akapangusa macho, akasema, "Waambie wa mtaani nililala kwa hati ya daktari." Na aliwaambia mwenyewe, kila aliyenusa hewa, akiongeza maelezo ya kitabibu aliyoyabuni. Sijui kama kweli ilikuwa sukari. Huenda alikuwa na usingizi tu, kama kawaida yake, na siku ile bahati ikamkimbia. Sikumwambia. Wiki hiyo nilisikia kufuli ikifungwa tena baada ya adhuhuri, nikakaa kitandani kwangu nikashukuru.

Arusi kubwa hazikumrudia. Alipikia khitma na akika za watoto wachanga, sufuria moja moja, na akaweka sharti kwamba binti asiondoke kwenye meko hata akiitwa na malaika.

Miaka ikaenda. Mume wangu alipata kazi kiwandani Changamwe, tukapanga nyumba huko, nikaondoka Kisauni. Hatujapata mtoto mwingine. Watu huniambia "bado," kwa kunitakia heri. Mimi husema hatujapata, nikaishia hapo, na siku nyingi naweza. Mpishi naye alihamia Likoni kwa binti yake yuleyule, aliyekuwa ameolewa huko. Tulipigiana simu, na simu zake zilikuwa ndefu, nusu yake kimya, nasikia akinywa chai. Kisha kidonda kingine kikaja, mguu uleule, na hiki hakikungoja. Wakamkata chini ya goti. Nilipompigia aliniambia, "Wamenipunguza," akauliza mgongo wa mamangu.

Nilimwona mwezi uliopita, Jumamosi. Nilivuka feri asubuhi, nikafika kwa binti kabla jua halijakaza. Chumba chao cha mbele ni kikubwa, kitanda cha Mpishi upande mmoja, mlango wa barazani upande wa pili. Amekuwa mwembamba, uso umebaki macho na ulimi. Alikuwa amepewa mguu wa bandia na kufundishwa kuutumia, na binti yake amekuwa mkali kama sajini: kitandani mpaka mlangoni na kurudi, mara mbili kwa siku, ndivyo walivyoagizwa.

"Jana alifika karibu na mlango," binti aliniambia mbele yake. "Leo hataki. Mwambie, dadangu, wewe anakusikiliza."

"Sikusema sitaki," akasema Mpishi. "Nimesema namsubiri mgeni wangu. Kaja. Nipeni mkono."

Tukamwinua, mimi kulia, binti kushoto. Alisimama kwanza, akapumua. Akapeleka mguu wake, kisha ule mwingine, akaushusha kwa uangalifu kama anayeweka yai. Nilihisi uzito wake wote kwenye kiganja changu, na ulikuwa mdogo. Hatua ya pili. Ya tatu. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Ya nne akaikosa kidogo, nikamshika, nikasikia akinong'ona, si kwangu, "Haya mamangu, haya, si kitu." Ya tano. Tulikuwa katikati ya chumba kabisa.

"Nipeni kiti," akasema.

"Mama, zimebaki chache tu," binti akasema. "Jana ulifika pale."

"Jana nilifika pale. Leo nimefika hapa."

"Basi turudi kitandani ukapumzike."

"Kitandani nimetoka sasa hivi. Nina haja gani nako?"

Binti alinitazama. Nikaenda nikaleta kiti, nikakiweka nyuma yake, akakaa. Akanyoosha leso kichwani, akaupanga mguu wa bandia kando ya mwenzake, akaangalia kushoto na kulia kama mwenye nyumba anayekagua mahali papya. Akaagiza chai. Akaagiza kiti changu kiwekwe palepale, mbele yake, na meza ndogo katikati yetu. Tukanywa chai katikati ya chumba, si ukutani wala dirishani, na binti kila alipopita na sinia ilimbidi atuzunguke. Mume wake alirudi, akasalimu, akazunguka. Jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya nazi akasimama kizingitini, asijue apite wapi.

"Mbona mmekaa hapo?" akauliza.

"Ndipo tulipofika," akasema Mpishi, na akamuuliza ameamkaje, na wa kwake wameamkaje, mpaka yule jirani akazunguka naye akatafuta pa kukaa.

Nilimngoja aondoke. Kisha nikamwuliza Mpishi, kwa sauti ya chini ili binti asisikie, "Na mlango, mama?"

Alipuliza chai yake, akanywa, akakitua kikombe.

"Mlango umejengewa pale," akasema. "Hauna pa kwenda."